Vidole kufa ganzi ukizamia kwenye maji baridi

Umesema vidole vinakufa ganzi hata ukivaa glavu za milimita 5. Kabla hujanunua nene zaidi, angalia kiwiliwili na kichwa. Mwili ukianza kupoa, hubana mishipa ya damu ya mikono na miguu ili kulinda joto la ndani, na hapo glavu haina joto la kutunza. Kofia ya neopreni (mpira laini wenye viputo vya gesi, unaotumika kutengenezea suti za kuzamia) na fulana ya ziada chini ya suti husaidia kuliko watu wanavyodhani.

Kisha kunja ngumi ukiwa umevaa glavu. Ikivuta kwenye viungo vya vidole, inabana damu. Chukua saizi kubwa kidogo, ila kwenye kifundo cha mkono ishike vizuri maji yasiingie na kutoka. Buti ni vivyo hivyo: usilazimishe soksi ya pili ikiwa vidole vya miguu havichezi. Mimina maji ya uvuguvugu ndani ya glavu na buti kabla tu ya kuingia.

Kumbuka pia kwamba mita 10 chini shinikizo ni maradufu ya lile la usoni pa maji, hivyo neopreni inasinyaa na kinga dhidi ya baridi inapungua. Ukizamia baridi mara kwa mara, suti kavu (isiyoingiza maji kabisa) na glavu kavu zenye sufu ndani zinastahili gharama yake.

Na tafadhali, kidole gumba kikishindwa kugusa kidole cha mwisho, mpe mwenzako ishara mpande, kwa mwendo wa kawaida, wakati bado unaweza kubonyeza vali zako za kuingiza na kutoa hewa.