Shavu linavuta, pua hainusi

SWALI: Shikamoo mama. Mimi nakaanga samaki kwa kuni hapa Sahare, Tanga. Huu mwezi wa nne shavu la kulia linauma. Nikiinama kupuliza moto, utadhani linataka kupasuka. Kamasi nzito inatoka tundu la kulia tu, ina uvundo, na usiku inateremka kooni nakohoa. Nimekunywa amoksilini mara tatu, nikipata nafuu naacha. Matone ya kuzibua pua naweka kila siku. Sasa hata harufu sisikii. Juzi nimekaanga changu walioharibika bila kujua, mteja akanirudishia mbele za watu. Mama mkwe anasema ni kipandauso, nijifukize tu. Ni kweli?

Mkaanga Samaki

JIBU: Marahaba mwanangu. Pole kwa aibu ya wale changu.

Mkweo ana sababu ya kusema hivyo, maana wengi wanaojiita wagonjwa wa sainasi huwa wana kipandauso. Ila kipandauso hakitoi kamasi yenye uvundo. Yako inaelekea ni sainasi hasa, yaani kuvimba kwa vyumba vya hewa vilivyomo ndani ya mifupa ya uso. Viko jozi nne. Vile vya mashavuni ndivyo vikubwa, na mlango wake wa kutolea uchafu uko juu, si chini. Chukua mtungi, utoboe karibu na shingo, kisha usubiri maji yamwagike yenyewe! Kamasi ya mle hupandishwa na vinyweleo vidogo mno visivyoonekana kwa macho. Mafua yakiuvimbisha mlango, au moshi wa kuni ukivilegeza vinyweleo, uchafu unalala humo humo. Ikipita wiki 12 tunaiita sugu, na wewe umeshapita.

Lakini lililonishtua katika barua yako ni hili: tundu moja tu, tena uvundo. Mizizi ya magego ya juu imepakana na sakafu ya chumba cha shavu. Gego likioza, usaha hupanda. Nilipokuwa zahanati ya shamba la mkonge, mkata mkonge mmoja alimaliza karibu mwaka mzima akimeza vidonge vya mafua, na sisi tukimpa. Siku tuliyomwambia apanue kinywa tukakuta gego la juu limebaki shimo. Kwa hiyo anzia kwa daktari wa meno. Akisema meno ni mazima, usirudi nyumbani ukatulia. Nenda kwa daktari wa masikio, pua na koo akuangalie ndani, kwa sababu pua inayougua upande mmoja haiachwi hivi hivi.

Matone acha. Yale ni ya siku tatu, zikizidi sana tano. Baada ya hapo pua huyazoea, na yakiisha nguvu inavimba kuliko mwanzo, nawe unaweka tena. Siku chache za kwanza utateseka, vumilia. Amoksilini ya kukatiza nayo basi. Asikupe mtu dozi nyingine kabla hujapimwa.

Cha kufanya nyumbani ni kuosha pua: nusu kijiko cha chai cha chumvi katika glasi ya maji yaliyochemka yakapoa. Ya kisima au ya bomba mabichi usiyatie puani hata kidogo, yana vijidudu. Kufukiza kunatuliza kidogo, ila sufuria ya maji ya moto chini ya shuka nimeshaona imemwagikia mtoto, sikushauri. Jiko lihamishe, upepo wa bahari uwe mgongoni kwako.

Jicho likivimba, ukiona vitu viwili viwili, shingo ikikakamaa au homa ikipanda sana, usingoje kesho. Nenda hospitali ya Bombo siku hiyo hiyo.

Harufu mara nyingi hurudi uvimbe ukishuka, japo si kwa siku mbili. Kwa sasa, kabla samaki hajaingia kwenye mafuta, mwite mtoto akunusie.