Kapitesheni ikimfuata mtoto shule binafsi, ada itapungua?

SWALI: Shikamoo. Naishi Makorora, Tanga. Mtoto wangu mmoja anasoma shule ya msingi ya serikali, mwingine nimempeleka shule binafsi na ada inanitoa jasho. Shemeji yangu aliyeko Houston ananiambia jimbo lao la Texas limepitisha sheria ya kuwalipia watoto shule binafsi. Kwenye kikao cha wazazi kuna aliyependekeza na sisi kapitesheni, ile ruzuku ya serikali kwa kila mwanafunzi, imfuate mtoto popote anaposoma. Itanipunguzia ada?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nimeshika vitabu vya hesabu vya shule miaka mingi, kwa hiyo naanza na fedha zenyewe.

Kapitesheni ya mwanafunzi wa msingi ni shilingi 10,000 kwa mwaka. Wa sekondari ni 25,000. Hizo ni za vifaa, karatasi za mitihani, kurekebisha dawati lililong'oka. Mshahara wa mwalimu haumo, huo unalipwa na serikali moja kwa moja. Kwa hiyo atakachobeba mwanao kwenda shule binafsi ni elfu kumi. Sidhani kama inamaliza hata mwezi mmoja wa basi la shule.

Ya Texas ni habari nyingine. Sheria yao ilitiwa saini Mei 2025, ikatengewa dola bilioni 1, na malipo ni kuanzia mwaka wa masomo 2026/27. Mtoto wa shule binafsi hufunguliwa akaunti yenye takriban dola 10,000 kwa mwaka. Mwenye ulemavu anaweza kufikia 30,000. Kiasi hicho ni kikubwa kwa sababu kimekadiriwa kwa sehemu kubwa ya gharama ya kumsomesha mtoto shule ya umma, mwalimu akiwemo. Hata hivyo fungu lina kikomo, na shule binafsi ndiyo inayoamua impokee nani. Muulize shemeji yako kama shule anayoitaka imeshamkubali mtoto.

Waliokaa na mfumo huu muda mrefu ni Chile, tangu 1981. Ruzuku ilimfuata mtoto, kisha shule binafsi zilizopokea ruzuku zikaruhusiwa kuwatoza wazazi nyongeza. Hapo ndipo palipoharibika: mwenye nacho alilipa nyongeza akapata shule nzuri, asiye nacho akabaki alipo. Mwaka 2008 waliwaongezea ruzuku watoto wa familia maskini, na mwaka 2015 wakapitisha sheria ya kuondoa nyongeza hizo hatua kwa hatua na kuzizuia shule zenye ruzuku kuchagua watoto. Miaka zaidi ya thelathini tangu mfumo uanze, mwanangu, ndipo kosa likarekebishwa.

Sasa mfikirie yule mwanao wa shule ya serikali. Darasa la watoto 70 likiondokewa na watano, mwalimu ni yuleyule na paa ni lilelile, ila shilingi 50,000 zimekwenda. Hizo zingenunua rimu za karatasi za mitihani. Hili linaniuma, maana nimeona watoto wakinakili maswali ubaoni kwa kukosa karatasi.

Kwenye kikao kijacho, mtoa hoja aulizwe: shule itakayopokea fedha hizo itaruhusiwa kupandisha ada na kumkataa mtoto? Kama jibu ni ndiyo, usitarajie nafuu. Na wiki hii pita shule ya serikali, iombe kamati ikuonyeshe kapitesheni iliyoingia mwaka huu na ilivyotumika. Wewe ni mzazi pale, una haki ya kuisoma.