Nimetubu, mbona bado nasutwa?

SWALI: Bwana asifiwe mchungaji. Nilikuwa mweka hazina wa kikoba nikala hela za wenzangu, baadae nikaokoka nikatubu kwa machozi ila nikiwaona wale kina mama sokoni nageuza njia. Kweli Mungu kanisamehe?

JIBU: Amina dada yangu. Kakusamehe kabisa, soma 1 Yohana 1:9, ukiungama yeye ni mwaminifu anasamehe na kusafisha, hapo usibishane nae. Ila mwangalie Zakayo, yule mtoza ushuru tajiri kwenye Luka 19, alivyompokea Yesu akasema mwenyewe niliyemdhulumu namrudishia mara nne, na hakuwa ananunua wokovu, moyo ulishafunguka tu. Mfuate mwenyekiti wenu, mwambie ukweli wote, anza kulipa hata elfu kumi kumi. Wengine watakusema sana, vumilia, hela ilikuwa yao.