Bastola chini ya shati, kwa wakala anayefunga usiku

Pole sana kaka. Unauliza kama ubebe bastola baada ya kuvamiwa mara mbili ukitoka na keshi kwenye kibanda chako cha uwakala wa pesa za simu. Inatisha, yalinikuta hayo. Bastola bila leseni usithubutu: Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015 ya Tanzania itakufunga wewe. Ukiamua kuomba leseni, anzia serikali ya mtaa na polisi, ukafundishwe pia kuitumia.

Ila fikiria. Bodaboda inatokea nyuma, wako wawili, mkono wako bado unatafuta chini ya shati. Wanaondoka na pesa na bastola, na wewe uko chini. Mimi nilibadilisha utaratibu: keshi naipeleka benki mchana iwe floti (salio la kwenye simu la kuhudumia wateja), nafunga saa 12 jioni, siondoki peke yangu.

Na kama hofu inakunyima usingizi, mwone daktari.