Chipseti mpya au iliyokwisha kuzoeleka? Wasomaji wauliza, tunajibu

SWALI: Ndugu wataalamu, salaam. Nina ubao mama wenye chipseti ya B450 na prosesa ya Ryzen 5 3600, na haujawahi kunisumbua. Rafiki yangu anasisitiza kwamba nikihamia B550 mashine itakimbia zaidi hata nikibaki na prosesa ileile. Je, chipseti mpya kweli huishinda ya zamani?

JIBU: Ndugu msomaji, kwa hesabu za prosesa na kwa gemu nyingi, hapana. Ukiweka prosesa hiyohiyo na RAM hiyohiyo kwa kasi ileile, tofauti ya bodi hizo mbili ni ndogo kiasi kwamba bila kipimo huwezi kuiona.

Kuna sababu. Zamani chipseti, yaani chipu ya bodi inayoiunganisha prosesa na vifaa vingine, ndiyo iliyobeba kidhibiti cha RAM na njia ya kadi ya grafiki, hivyo chipseti nzuri iliweza kuiacha nyingine mbali kwa prosesa ileile. AMD ilihamishia kidhibiti cha RAM ndani ya prosesa mwaka 2003 ilipotoa Athlon 64. Intel ikafuata mwaka 2008 kwa Core i7 za kwanza, na mwaka uliofuata ikaingiza humo na njia za PCIe (barabara za data kati ya prosesa na vifaa) za kadi ya grafiki. Kazi iliyobaki kwa chipseti ni kuhudumia SATA (milango ya diski), USB, sauti, mtandao na sloti za ziada, kisha kupeleka mzigo wote huo kwa prosesa kupitia kiungo kimoja. Kwenye B450 na B550 kiungo hicho ni kilekile: njia nne za PCIe 3.0, takribani 3.9 GB kwa sekunde.

Faida ya B550 iko kwingine. Kwa prosesa yako, sloti ya kadi ya grafiki na sloti ya kwanza ya M.2 (sloti ndogo ya SSD) zitafanya kazi kwa PCIe 4.0, kwenye B450 zinaishia 3.0. Njia zinazotoka kwenye chipseti yenyewe nazo zinapanda kutoka 2.0 hadi 3.0. SSD inayosoma 7 GB kwa sekunde itaishia karibu 3.5 GB kwenye bodi yako ya sasa. Ukinakili mafaili makubwa ya video kutoka SSD moja ya kasi hadi nyingine utaona tofauti hiyo, lakini ukifungua Windows au kivinjari hutaiona. Na kama SSD ya pili imekaa kwenye sloti ya M.2 ya chipseti, kwenye B450 ujue haitavuka 2 GB kwa sekunde.

Mtu mwingine anayepaswa kujali ni mwenye kadi ya grafiki ya njia chache. RX 6500 XT ya 4 GB hutumia njia nne tu. Kwenye PCIe 3.0 inabaki na nusu ya upana wake, na kumbukumbu yake ndogo ikijaa, gemu huanza kukwamakwama. Kadi inayotumia njia zote 16 haiathiriki kiasi cha kukufanya ubadilishe bodi.

Kabla ya kutoa hela, fungua programu ya GPU-Z uangalie kisanduku cha Bus Interface. Usishtuke ukikuta PCIe 1.1, maana kadi ikiwa haina kazi hushusha kasi ya njia ili kuokoa umeme. Bonyeza alama ya kuuliza iliyo pembeni, anzisha jaribio, kisha usome tena. Ikiandika x8 (njia nane) wakati kadi yako ni ya x16, zima mashine, chomoa umeme, toa kadi uirudishe hadi klipu ya sloti ilie. Kadi ambayo haikukaa sawasawa huiba kasi kuliko chipseti yoyote.

SWALI: Mafundi wa siku nyingi husifia chipseti za kale kama 440BX, wakidai zilizokuja baada yake zilikuwa duni. Ni ukweli au ni mapenzi ya mambo ya zamani?

JIBU: Kwa hiyo moja, wana haki. Intel 440BX ilitoka 1998 ikiwa na kasi rasmi za basi (njia ya data kati yake na prosesa) za 66 na 100 MHz. Mwishoni mwa 1999 ikaja i820, iliyotegemea RAM aina ya RDRAM iliyokuwa ghali. Watu waliisukuma 440BX hadi 133 MHz wakitumia SDRAM ya kawaida, na katika majaribio mengi ikalingana na mrithi wake au ikampita. Chipu iliyoongezwa ili i820 ikubali SDRAM ilikuwa na hitilafu, na mwaka 2000 Intel ikaziondoa sokoni bodi zenye chipu hiyo. Apollo Pro 133A, chipseti ya kampuni ya VIA, nayo ilikuwa na 133 MHz rasmi na AGP 4x (AGP ni njia ya kadi ya grafiki ya enzi hizo), lakini kwenye RAM haikuifikia BX.

Hata hivyo ushindi huo ulikuwa na gharama. Ukiipeleka BX kwenye 133 MHz, AGP hulazimika kwenda 89 MHz badala ya 66, kwa kuwa chipseti haina kigawanyo kingine kinachofaa. Baadhi ya kadi zilivumilia, nyingine ziliganda katikati ya kazi.

Funzo lililo karibu nasi zaidi ni la Januari 2011. Chipseti za Intel za mfululizo wa 6, kama P67 na H67, zilikuwa na transista kwenye saketi ya milango ya SATA ya 3 Gb/s iliyoweza kuchakaa taratibu, na diski zikaanza kutoa makosa. Milango miwili ya 6 Gb/s haikuguswa. Toleo lililorekebishwa huitwa B3. Ukiuziwa bodi iliyotumika ya kizazi hicho, tafuta alama ya B3 kwenye boksi au ndani ya BIOS (programu ya mwanzo iliyo ndani ya bodi); ukiikosa, chomeka diski zako kwenye milango ya 6 Gb/s peke yake. Ndiyo maana tunashauri chipseti mpya kabisa iachwe miezi kadhaa sokoni kabla ya kuwekwa kwenye mashine ya kazi isiyoruhusiwa kuzimika.

SWALI: Nimetoa Ryzen 3 3200G kwenye bodi ya B450 nikaweka Ryzen 5 5600. Feni zinazunguka ila skrini ni nyeusi. Bodi imekufa?

JIBU: Bado usiihukumu. Kwanza, 3200G ina grafiki ndani yake, 5600 haina. Kama hujaweka kadi ya grafiki, au waya wa skrini bado umechomekwa kwenye bodi badala ya kwenye kadi, huwezi kupata picha hata kila kitu kikiwa kizima.

Pili ni BIOS. B450 ilitoka 2018, na Ryzen 5000 zikaja baadaye, kwa hiyo BIOS ya zamani haiitambui prosesa yako. Rudisha 3200G, soma jina kamili la bodi pamoja na namba ya toleo iliyochapwa pembeni (rev 1.0 na rev 2.0 huweza kuwa na mafaili tofauti), kisha pakua BIOS ya bodi hiyo hasa. Fomati flashi kwa FAT32, fungua zipu, na usasishe ukiwa ndani ya BIOS yenyewe, si ndani ya Windows. Umeme ukikatika katikati, bodi inaweza isiwake tena. Kama diski imefungwa kwa BitLocker (kufuli ya diski ya Windows), sitisha kufuli hiyo kabla hujaanza na uhifadhi ufunguo wa kurejesha, kwa sababu fTPM (kihifadhi cha funguo za usalama) imo ndani ya prosesa na ukibadilisha prosesa funguo zake hazihami nayo.

Bodi nyingine zina kitufe cha kusasisha bila prosesa. Fuata jina la faili linalotakiwa na mlango wa USB uliowekewa alama, unganisha nyaya zote za umeme za bodi, bonyeza, na usiguse kitu mpaka taa iache kupepesa. Ukimaliza, washa XMP (mpangilio wa kasi kamili ya RAM) upya, la sivyo RAM itabaki kwenye kasi ya chini na utadhani prosesa mpya ni nzito. Jambo jingine: bodi zenye chipu ya BIOS ya MB 16 huenda zikaacha kutambua prosesa za zamani baada ya kusasishwa, hivyo soma maelezo ya toleo husika kwanza.

SWALI: Kwa soketi ya AM5, X870 ni bora kuliko B650?

JIBU: Silikoni yake ni ileile. B650 na X870 zote hutumia chipu moja ya Promontory 21. X670 na X870E hutumia mbili. X870 imelazimishiwa USB4 na PCIe 5.0 kwenye sloti ya grafiki. Lakini USB4 inahitaji njia zake, na kwenye bodi nyingi inagawana na sloti ya pili ya M.2: ukijaza moja, nyingine hupungua au huzimwa. Jedwali la mgawanyo huo liko kwenye kitabu cha bodi, lisome kabla ya kulipa. Kama huna kifaa cha USB4, B650 yenye VRM (saketi za kuipa prosesa umeme) imara na vipoza joto vizito inakufaa kuliko X870 dhaifu.

Ukiiwasha bodi ya AM5 mara ya kwanza, skrini inaweza kukaa nyeusi dakika kadhaa bodi ikijipanga na RAM ya DDR5. Usiizime, wala usikimbilie kufuta CMOS (mipangilio ya BIOS iliyohifadhiwa). Na nunua vijiti viwili vya RAM badala ya vinne: kwa Ryzen 7000, ukijaza sloti zote kasi rasmi inashuka kutoka 5200 hadi 3600 MT/s.