Jibu: Kununua na kuuza hisa bila dalali

Salaam, ndugu. Umeuliza kama inawezekana kununua hisa za kampuni iliyoorodheshwa sokoni, na baadaye kuziuza, bila kupitia kwa dalali. Inawezekana, ila si kwa kila kampuni, na upande wa kuuza ndio wenye usumbufu.

Kwanza angalia tovuti ya kampuni yenyewe, sehemu ya wawekezaji: je, ina mpango wa kuuza hisa moja kwa moja, au wa kuwekeza tena gawio, yaani sehemu ya faida inayogawiwa wanahisa? Ukiwapo, utafungua akaunti kwa msajili wa hisa, ambaye ndiye anayetunza daftari la wanahisa. Soma ada zote kabla ya kutuma fedha, kwa maana baadhi ya mipango hutoza ya kujiunga, ya kila ununuzi na ya kuuza, hata ile nafuu uliyoikimbilia ikayeyuka.

Jambo lililonishtua mimi ni bei. Mara nyingi maagizo ya wanahisa wengi hukusanywa na kutekelezwa kwa pamoja, na ndiyo maana nilipoagiza kuuza siku ya Jumatatu, mauzo yalifanyika Alhamisi, bei ikiwa imekwisha kushuka. Anayefuatilia bei saa kwa saa, njia hii haimfai.

Ikiwa unamhamishia mtu unayemfahamu, mtajaza fomu ya uhamisho na kuiwasilisha kwa msajili pamoja na hati ya hisa, kama ilitolewa. Muulize msajili kwanza, kwani masoko mengine huruhusu hilo kwa zawadi na mirathi tu. Saini nayo ifanane na iliyomo daftarini. Fomu yangu ilirudishwa kwa sababu ya herufi moja.