Unataka kazi za nembo za zamani? Anza na neno "gules"

Tangu nipost ile nembo ya shule, inboksi imejaa, wengi ni madizaina wenzangu na swali ni lilelile, niliipataje kazi ya kuichora upya wakati ofisi kubwa ziliitwa kabla yangu. Haya sikilizeni.

Shule ile ni ya enzi za wamisheni, mchoro wa asili ulishapotea, kilichobaki ni karatasi moja iliyopigwa taipu inayoeleza nembo kwa maneno, inayoanza na "Gules" halafu koma. Walionitangulia mmoja akaweka rangi ya dhahabu, mwingine akadhani ni jina la mfadhili akaliandika kwenye utepe chini ya ngao! Mimi nilisoma nikamwambia mwalimu mkuu palepale, gules kwa lugha ya nembo ni nyekundu, kwa hiyo ngao hii ni nyekundu, yote. Mzee mmoja aliyesoma pale akaitikia, eti hata sweta zao zilikuwa nyekundu. Kazi ikawa yangu na najivunia, maana bosi wangu wa zamani alikuwa ananicheka mbele ya wenzangu kwamba napoteza muda na mambo ya wafalme waliokufa, na bado inaniuma.

Sasa neno lenyewe. Linatoka Kifaransa cha kale, leo Wafaransa wanaandika gueules, na mzizi wake ni Kilatini gula, yaani koo. Wakubwa wa Ulaya karne ya 12 walikuwa wanapamba nguo zao shingoni na mikononi kwa vipande vya manyoya vilivyotiwa rangi nyekundu, na vipande hivyo ndivyo viliitwa hivyo. Bernard wa Clairvaux, mtawa wa Ufaransa wa karne hiyo, alimwandikia askofu mkuu wa Sens akikemea watu wa kanisa wanaozungushia mikono iliyowekwa wakfu vingozi vyekundu "wanavyoviita gulas". Kuna wanaosema neno ni la Kiajemi, gul, waridi. Inasikika tamu lakini msiifuate.

Waingereza wamelipata kwa Wanormani, watu wa kaskazini mwa Ufaransa walioiteka Uingereza mwaka 1066, mabwana wakawa wanaongea Kifaransa, kwa hiyo ngao zikaelezwa kwa Kifaransa. Mwaka 1300 mfalme wa Uingereza Edward I alipozingira ngome ya Caerlaverock kule Scotland, shairi linalotaja ngao za mashujaa wake limeandikwa kwa Kifaransa. Na usidhani ni mambo ya mbali, ngao yetu ya taifa ya Kenya ya 1963 maelezo yake rasmi yanasema jogoo yuko juu ya mkanda wa gules!

Kwa hiyo ndugu zangu, someni. Acheni kukimbilia kompyuta kabla hamjaelewa karatasi mliyopewa, mnaidharau kazi na mnawadharau waliowaachia hiyo nembo. Someni kwanza, mchore baadaye. Na kama karatasi haipo, omba mhuri wa zamani au barua yenye nembo isiyo na rangi, angalia mistari midogo ndani ya ngao inayosimama badala ya rangi, ikisimama wima hiyo ni gules, ikilala ni bluu, na ikiwa ni vidoti hapo sasa ndipo uweke dhahabu.